Uzi: Nguvu iko kwenye oda. Ukitaka kujua maadili ya kampuni ya nguo, usianzie kwenye lebo

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalileta jamvini kwa urefu wake. Mwenye haraka aruke. Ila asiyekubaliana nami namwomba asome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Nilifanya kazi miaka sita kwenye ofisi ya oda ya kiwanda kinachoshona nguo za kuuza nje. Sikuwa mshonaji. Nilikaa katikati: upande huu mnunuzi, upande ule meza ya kukatia, laini za cherehani na wafungaji wa makatoni. Kila alichotaka mnunuzi kilipitia kwangu, na kila kilichoshindikana kilirudi kwangu.

Siku moja tuna oda ya mashati. Sampuli imeshapitishwa, kitambaa kimeshafika, watu wa kukata wameshaanza. Saa kumi jioni inaingia barua pepe: vifungo vya matundu manne vibadilishwe, viwe vya matundu mawili. Mistari miwili tu, na ya pili inasema tarehe ya kupakia meli inabaki palepale. Vifungo vipya vikachelewa siku tisa. Mnunuzi hakuzilipia siku zile, kiwanda nacho hakikuzilipia. Zililipwa na watu wa laini, usiku baada ya usiku, mpaka yule dada aliyekuwa anapachika kola akawa anashika ukingo wa meza kabla ya kusimama. Mimi ndiye niliyepeleka ratiba mpya kwa supavaiza. Nilijua ninachokipeleka, na nikakipeleka.

Kifungo kile kilinifundisha kuhusu nguvu katika biashara ya nguo kuliko ripoti zote za uendelevu nilizowahi kuletewa mezani. Tukiongea maadili ya mavazi tunakimbilia kwenye lebo: pamba hai, poliesta iliyorejelezwa, jani la kijani. Lakini uamuzi unaomuumiza mtu na mto haumo kwenye lebo. Umo kwenye oda: bei ya kipande, idadi, tarehe, na nani anabeba hasara mambo yakiharibika.

Kwa asiyeijua kazi hii, kampuni nyingi zenye majina makubwa hazina kiwanda hata kimoja. Zina wabunifu, wanasheria, watu wa matangazo na watu wa manunuzi. Oda ikishatoka, kiwanda kinanunua kitambaa, uzi, zipu na vifungo kwa pesa yake au kwa mkopo wa benki, kinalipa mishahara, kinashona, kinapakia, halafu kinasubiri. Siku 60, siku 90, wengine 120 baada ya mzigo kuondoka ndipo malipo yanaingia. Mdogo ndiye anayemkopesha mkubwa. Ukichelewa, unakatwa asilimia kwenye bei. Meli ikikuacha, unasafirisha kwa ndege kwa gharama yako, na hapo faida ya oda nzima imeondoka na ile ndege.

Mwaka 2020 dunia nzima iliona mfumo huu ukiwa uchi. Korona ilipofunga maduka Ulaya na Marekani, wanunuzi walifuta oda, nyingine zikiwa zimeshashonwa na ziko kwenye makatoni. Bangladesh peke yake, chama cha wenye viwanda, BGMEA, kilihesabu oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilizofutwa au kusimamishwa. Kitambaa kilikuwa kimeshanunuliwa, jasho limeshatoka. Aliyeagiza akafungua mkataba, akaonyesha kifungu cha janga lisilozuilika, akaweka kalamu chini. Baadhi yao walirudi kulipa baada ya kampeni ya PayUp kuwataja hadharani kwa majina. Hiyo nayo inaonyesha jambo: pesa ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuwadai.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, Savar, nje ya Dhaka. Jengo la ghorofa nane, na ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali halali. Chini kulikuwa na benki na maduka, juu viwanda vya nguo. Benki iliwaambia watu wake wasije. Maduka yalifungwa. Kesho yake asubuhi washonaji waliamriwa kupanda juu, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi. Jengo likaanguka. Walikufa watu zaidi ya 1,100, na zaidi ya 2,500 waliumia.

Habari hii imeandikwa sana, lakini kuna swali ambalo watu hulipita: ufa ule ule, jengo lile lile, kwa nini karani wa benki alibaki nyumbani na mshonaji akapanda? Ujasiri au ujinga havikuwatofautisha. Karani hakuwa na tarehe ya meli juu ya kichwa chake.

Sisemi mwenye jengo na wenye viwanda hawana hatia. Wana hatia, na kubwa. Ninachosema ni kwamba siku jengo lilipoanguka, lebo za kampuni za Ulaya na Amerika Kaskazini ziliokotwa kwenye vifusi, na baadhi ya kampuni hizo zilianza kwa kusema hazikujua nguo zao zinashonwa pale. Inawezekana kabisa zilisema kweli. Oda hupewa kiwanda kimoja, nacho kikizidiwa hugawa kwa kingine, na hicho hugawa tena. Kutojua huko kuna faida yake: usichokijua hukilipii.

Nakaribisha michango. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa waliokaa kwenye cherehani.

Pindo

Mkuu, nimekaa kwenye cherehani miaka kumi na moja, mingi nikiwa kwenye ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa, na baadaye kwenye pindo la chini la suruali. Umeandika ukweli, ila umesahau wakaguzi, wale wanaoletwa kiwandani kuangalia hali ya kazi.

Ukaguzi tulikuwa tunaujua wiki moja kabla. Kulikuwa na chumba kimeandikwa mlangoni "Chumba cha Watoto". Siku zote kilihifadhi majora ya kitambaa na cherehani mbovu. Wiki ya ukaguzi majora yanahamishwa, sakafu inapigwa deki, na midoli inatolewa kwenye mfuko wa nailoni inamokaa mwaka mzima ili isipate vumbi. Mkaguzi akishaondoka inarudi kwenye mfuko wake. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano wakati ule. Nilikuwa naitazama ile midoli nikipita kwenda chooni.

Mahudhurio nayo yalikuwa na vitabu viwili. Kimoja kinaonyesha tunatoka saa kumi na moja, kingine ndicho cha kweli, cha kulipia. Supavaiza anatufundisha majibu: ukiulizwa ovataimu, sema ni hiari. Na tulisema. Watu wanafikiri tulidanganya kwa woga wa kufukuzwa tu. Tulijua pia kuwa kiwanda kikianguka kwenye ukaguzi, mnunuzi ataondoka na sisi tutakosa kazi. Mkaguzi alikuja kutulinda, lakini adhabu yake ingetuangukia sisi.

Mleta uzi

Dada Pindo, asante sana. Hiyo sentensi yako ya mwisho ningeomba kila anayeandika sera za maadili aibandike ukutani kwake.

Kwa wanaodhani ni kiwanda kimoja kibovu: Septemba 2012 kiwanda cha Ali Enterprises kule Karachi kiliungua, zaidi ya watu 250 wakafa. Wiki chache kabla ya hapo kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, moja ya vyeti vyenye heshima kubwa katika masuala ya haki za kazi. Miaka baadaye mahakama ya Pakistani ilisema moto uliwashwa kwa makusudi na watu waliokuwa wanadai hela. Sawa. Lakini aliyewasha moto siye aliyeweka nondo madirishani na kufunga milango. Hivyo vilikuwepo siku mkaguzi anapita.

Ukaguzi unalipiwa na anayekaguliwa, au na mnunuzi anayetaka cheti, na ripoti inabaki siri yao. Mfanyakazi haoni hata ukurasa mmoja. Kwangu mimi huko ni kununua utulivu wa moyo wa mnunuzi, na nalisema hili nikiwa nimeandaa mafaili ya ukaguzi kwa mikono yangu.

Nyuzi Tatu

Mkuu, mada nzuri lakini naomba niwe mkweli. Mimi kipato changu ni kidogo. Nguo za bei nafuu ndizo zinazowavisha wanangu. Kila nikisoma mambo haya najisikia kama ndiye mkosaji. Mnataka tuvae nini?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hapana, usijibebeshe mzigo huu. Anayenunua shati moja kwa mwaka kwa sababu la zamani limechanika hana nafasi yoyote kwenye kesi hii.

Tena bei ya dukani si kipimo cha utu. Katika bei ya nguo, sehemu inayomfikia aliyeishona ni asilimia chache tu, iwe nguo ya soko la kawaida au ya kifahari. Mwaka 2024 mahakama ya Milano iliweka chini ya usimamizi wa mahakama kampuni tanzu ya uzalishaji ya Dior, baada ya wachunguzi kukuta wakandarasi wadogo ambao wafanyakazi wao walilala humohumo karakanani. Nyaraka za kesi zilionyesha mkoba ambao mkandarasi alilipwa euro 53 kuutengeneza, bila kuhesabu malighafi, ukiuzwa dukani euro 2,600. Miezi michache kabla, kampuni ya uendeshaji ya Giorgio Armani ilikuwa imekutwa na amri kama hiyo. Hapo ni Italia, kwenye sheria za kazi za Ulaya, na mteja aliyelipa pesa nyingi kweli. Hela yake iliishia njiani.

Kwa hiyo ukimwambia mtu "nunua ghali ndiyo uwe mwadilifu", unamwonea. Kinachohitajika ni sheria inayomfikia mwenye oda.

Mzani

Naomba kupinga, kwa heshima. Ukibana wanunuzi, watahama. Biashara ya nguo ni ya kuhamahama: mtaji wake ni cherehani na meza, kesho ziko nchi nyingine. Mishahara ikipanda Bangladesh wataenda Ethiopia, ikipanda Ethiopia wataenda kwingine. Wafanyakazi wenyewe ndio watakaolia. Bora kazi ngumu kuliko hakuna kazi.

Mleta uzi

Mzani, hoja yako ina uzito, na sitaipita juujuu. Ni kweli wanahama. Nimekaa kwenye mkutano ambapo mnunuzi alitaja bei ya nchi nyingine huku akitazama saa yake, na bosi wangu akashuka bei palepale. Nchi moja ikisimama peke yake inapigwa.

Mfano tunaoujua vizuri sisi wasomaji wa Kiswahili ni ule wa 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuondoa mitumba taratibu hadi 2019 ili viwanda vya ndani vipumue. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kililalamika serikalini kwao, na tishio likaja kupitia AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikabaki na ushuru wake, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha ule. Tubishane kama kuondoa mitumba lilikuwa wazo zuri au baya, mimi mwenyewe nina mashaka nalo, kwa sababu mitumba inalisha familia nyingi. Lakini nguvu ilionekana iko wapi: chama cha wauza nguo zilizokwisha kuvaliwa kiliweza kuzigeuza serikali.

Ndiyo maana mimi nauangalia Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo wa Bangladesh, uliosainiwa Mei 2013, wiki chache baada ya Rana Plaza. Ule ulikuwa mkataba wa kisheria kati ya kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi vya kimataifa na vya ndani. Haukuwa ahadi ya hiari. Kampuni zaidi ya 200 zilisaini. Wahandisi wakaingia kwenye viwanda zaidi ya 1,600, na matokeo ya ukaguzi yakawekwa wazi kila mtu ayasome. Kiwanda kinachokataa kurekebisha kinakosa oda kwa wote waliosaini kwa mpigo. Na kuna kipengele ambacho kwangu ndicho moyo wa jambo: mnunuzi alitakiwa kuhakikisha kiwanda kina uwezo wa kifedha wa kufanya matengenezo. Vyama vya wafanyakazi vilizipeleka kampuni mbili kwenye usuluhishi The Hague kwa kuchelewesha, na Januari 2018 moja ikakubali kulipa dola milioni 2.3.

Je, walihama Bangladesh? Hawakuhama. Waliposaini pamoja, hapakuwa na wa kumkimbilia mwenzake. Mlango wa dharura usiofungwa kwa ufunguo uligharimu senti kadhaa kwa kila nguo, na biashara ikaendelea.

Nakiri mkataba ule uligusa majengo na moto, haukugusa mshahara. Mwaka 2023 washonaji wa Bangladesh waliingia barabarani wakidai kima cha chini cha taka (sarafu ya huko) 23,000 kwa mwezi. Wakapewa 12,500, na wengine walikufa kwenye maandamano yale. Kwa hiyo usalama wa jengo umewezekana kuandikwa kwenye mkataba, ila bei ya kipande wanunuzi wameikalia.

Kalamu ya Sheria

Niongeze kidogo upande wa sheria, maana watu hudhani kumbana mwenye oda ni wazo jipya la wanaharakati. Si jipya. Marekani, baada ya moto wa kiwanda cha Triangle huko New York, Machi 25, 1911, waliokufa wakiwa 146 na mlango mmoja wa kutokea ukiwa umefungwa kwa ufunguo, chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake, ILGWU, kiligundua kugombana na mwenye karakana ndogo hakuleti kitu. Yule alikuwa anabanwa na mtoa oda kama wao. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakapata mikataba iliyombana mtoa oda mwenyewe: amlipe mkandarasi bei inayotosha mshahara uliokubaliwa, asigawe oda ovyo kwa karakana zisizosajiliwa, na awajibike mishahara isipolipwa. Kazi zilipohamia nje ya nchi ndipo nguvu ya mikataba ile ikapungua.

California walirudi kwenye wazo hilo hilo. Sheria yao SB 62, iliyosainiwa 2021, inakataza malipo kwa kipande kwa wafanyakazi wa nguo, isipokuwa pale penye makubaliano na chama cha wafanyakazi, na inamfanya mwenye chapa awajibike pamoja na mkandarasi mshahara ukiibwa. Ujerumani ina sheria ya mnyororo wa ugavi iliyoanza 2023, ambayo inadai kampuni kubwa zichunguze hatari kwa wauzaji wao. Ile ya California ina meno makali zaidi kwa sababu inagusa mfuko moja kwa moja.

Nyuzi Tatu

Asanteni, nimeelewa hilo la mshahara. Na mazingira je? Mleta uzi umesema mto. Mimi nilidhani poliesta iliyorejelezwa ni jambo jema, nimekuwa nawaambia watu wanunue hiyo.

Mleta uzi

Shika shati lolote, tafuta kile kitambaa kidogo ndani ya mshono wa ubavuni. Mara nyingi utakuta pamba asilimia fulani, poliesta asilimia fulani. Nyuzi hizo mbili zimesokotwa pamoja, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ngumu na ya gharama. Ndiyo maana chini ya asilimia 1 ya nguo inarudi kuwa nguo mpya. Poliesta iliyorejelezwa unayoiona kwenye lebo, karibu yote inatokana na chupa za plastiki, si nguo kuukuu. Chupa ingeweza kurudi kuwa chupa tena na tena. Ikishakuwa shati, safari yake imefika mwisho. Na poliesta sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Kwa hiyo hujawadanganya watu kwa kukusudia, ila lebo ile inasema kidogo sana.

Pamba nayo isipewe utakatifu. Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikauka kwa sababu maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yaligeuzwa kwenda mashambani, hasa ya pamba, kuanzia miaka ya 1960. Muynak ulikuwa mji wa wavuvi, leo meli zimelala kwenye mchanga. Uzbekistan hiyohiyo ililazimisha walimu, wauguzi na wanafunzi kwenda kuvuna pamba. Kampuni zaidi ya 300 zikaahidi kutotumia pamba yake, zikashikilia hivyo kwa miaka, na serikali ikabadili mwenendo. Mgomo ule uliondolewa Machi 2022. Wanunuzi wakiamua wote kwa pamoja, serikali nzima inasikia. Nalitaja hili kwa sababu kila siku tunaambiwa kampuni hizi hazina uwezo wa kubadilisha chochote huko chini.

Lakini kitu ninachokijua kwa macho yangu ni maji ya rangi. Kiwanda cha kutia rangi tulichokuwa tunachukua kitambaa kwake kilikuwa na mtambo wa kusafisha majitaka, mzuri, umepigwa picha kwenye vipeperushi. Mtambo ule unakula umeme, kemikali na mafundi wa zamu. Rangi za pamba hazishiki zote kwenye kitambaa. Nyingine hutoka na maji pamoja na chumvi nyingi. Bei ya mita ikishushwa, mwenye kiwanda anatazama gharama moja baada ya nyingine, na ile inayozimika kwa swichi bila mnunuzi kujua ndiyo inayozimwa kwanza, usiku. Nilienda mara moja alfajiri kufuatilia kitambaa kilichochelewa. Mfereji wa nyuma ulikuwa wa buluu, buluu ile ile ya oda yetu. Nilikuwa na kipande cha sampuli mfukoni, nikakitoa nikalinganisha. Rangi ilikuwa imepatana kabisa.

Sijui nieleze vipi zaidi kwamba mshahara na mto ni jambo moja. Aliyebana bei amewabana wote wawili kwa mkono uleule.

Suruali za jinzi zina hadithi yake pia. Ili zionekane zimechakaa, vijana walikuwa wanazipiga mchanga kwa mashine ya hewa, vumbi linaingia mapafuni, wanapata silikosisi, ugonjwa wa mapafu, wakiwa na umri mdogo. Uturuki ilipiga marufuku kazi hiyo 2009 baada ya vifo, na sehemu ya kazi ikahamia nchi nyingine. Mtu kufa ili nguo mpya ifanane na ya zamani, hili mpaka leo linanikosesha maneno.

Mzani

Nakubali la mkataba wa pamoja, sikuwa nimeliangalia hivyo. Lakini naona hamjagusa wingi. Hata mshahara ukiwa mzuri na maji yakisafishwa, nguo zinazotengenezwa ni nyingi mno. Zinaenda wapi?

Mleta uzi

Umenikamata pazuri. Wingi nao unazaliwa kwenye oda. Bei ya kipande ikiwa ndogo sana, mnunuzi ananunua kupita mahitaji yake, kwa sababu kubaki na mzigo usiouzika kunamgharimu kidogo kuliko kukosa mzigo wakati unatafutwa. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba Burberry iliharibu bidhaa zake za thamani ya pauni milioni 28.6 ndani ya mwaka mmoja, ili zisiuzwe kwa bei ya chini. Baada ya kelele ikatangaza kuacha. Ufaransa iliweka sheria 2020 ya kuzuia kuharibu bidhaa zisizouzwa, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2024 inakataza kampuni kubwa kuharibu nguo na viatu visivyouzwa kuanzia Julai 2026.

Zisizochomwa, nyingine zinaishia jangwa la Atacama, Chile, zimelundikwa milima kwa milima, au soko la Kantamanto, Accra, ambako wafanyabiashara wananunua robota bila kujua ndani mna nini. Akifungua akakuta matambara, hasara ni yake. Tazama tena: aliye mwisho wa mnyororo amebebeshwa hasara ya aliye mwanzo, kama kiwanda mwaka 2020.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aiulize nini kampuni, simwambii aulize kuhusu kitambaa. Iulizwe: mwaka jana mlibadilisha oda ngapi baada ya kuzipitisha, na tarehe za meli mlisogeza ngapi? Mnalipa baada ya siku ngapi? Orodha ya viwanda vyenu, pamoja na wanaogawiwa kazi, iko wapi? Sehemu ya mshahara kwenye bei ya kipande imeandikwa kando, isiguswe kwenye majadiliano? Hayo ni majibu ya namba, yamo kwenye kompyuta zao. Mimi nilikuwa nayajaza.

Kalamu ya Sheria

Dada Pindo, kama bado upo, naomba nikuulize. Umewahi kuona hata mara moja mnunuzi akisogeza tarehe? Nauliza kwa sababu wanasheria wa kampuni husema haiwezekani, msimu wa mauzo haumsubiri mtu.

Pindo

Nimeona mara moja. Tulikuwa tumepata chama cha wafanyakazi cha kweli, sio kile cha meneja, na mnunuzi mmoja alikuwa amekubali masharti mapya. Zipu zikaja mbovu, laini nzima ikasimama. Tukajua la kufuata. Nikampigia mama yangu simu kwamba mtoto alale kwake siku kadhaa.

Mchana mwenyekiti wa chama akapita kwenye laini na karatasi, akasema wiki moja imeongezwa, imesainiwa. Hakuna aliyemwamini. Saa kumi na moja kengele ikalia, tukabaki tumekaa. Supavaiza ndiye aliyezima umeme wa cherehani.

Nilimfuata mtoto kwa mama jioni hiyohiyo. Mama hakuniuliza vizuri wala vibaya, aliuliza tu kama nimefukuzwa kazi.